Kozi ya utangulizi ya anthropolojia: kwa nini wengine tuliipenda na wengine waliiona kama adhabu?

Wanale_Juu (mwanzisha uzi)

Habari zenu, wanajukwaa. Mdogo wangu ameanza mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi ya jamii, na kozi ya kwanza anayoilalamikia ni ileile iliyoligawa darasa letu, yaani utangulizi wa anthropolojia, somo la binadamu, jamii zake na tamaduni zake. Kwetu kulikuwa na walioingia wakidhani ni somo la kusukuma muhula tu, wakatoka wanataka kuwa watafiti. Kulikuwa na wengine, watu wenye akili nzuri kabisa, walioapa kwamba hawatalifungua tena daftari lile. Kwa kawaida mtu hulichukia somo lililomshinda, lakini hapa baadhi ya waliofaulu vizuri ndio waliokuwa wakali zaidi.

Dai langu ni kwamba mapokezi ya somo hili yanategemea mwanafunzi ametoka wapi. Mimi ni Mgisu, wa mashariki mwa Uganda. Tulipofika kwenye ibada za mpito, mhadhiri aliandika ubaoni hatua tatu za mtaalamu Arnold van Gennep, nadharia ya mwaka 1909: mtu hutengwa, hukaa katikati asikokuwa huku wala kule, kisha hurudishwa katika jamii akiwa na hadhi mpya. Akatoa mfano wa imbalu, ibada yetu Wagisu ya kuwatahiri vijana wa kiume, na darasa zima likageuka kunitazama. Nilikuwa nimesimama uani kwetu miaka michache tu kabla ya hapo, nimepakwa kimea usoni na kifuani, wajomba wamenizunguka, kila mmoja akinikagua kama nitapepesa ukope. Hatua zile tatu zilikuwa za kweli, nilizitambua moja baada ya nyingine. Hata hivyo hakuna iliyogusa mambo yaliyomkosesha baba usingizi: nani atatoa fahali, ndugu gani hakualikwa mara iliyopita, na kama kaka yangu wa upande wa pili asimamishwe mwaka uleule au asubiri mwaka mwingine unaogawanyika kwa mbili. Nililipenda somo kwa sababu nilikuwa na kitu cha kubishana nacho. Wenzangu ambao kwao hapakutajwa hata mara moja walikuwa wanakariri majina ya visiwa vya mbali walikokwenda watafiti wa zamani. Ninyi mnasemaje?

Dada_Arua

Salaam. Sikubaliani nawe, Wanale_Juu. Kwetu tatizo lilikuwa ufundishaji, na asili ya mtu haikuhusika. Tulikuwa wengi kiasi kwamba waliochelewa walisikiliza kupitia madirishani. Mada ya ukoo na udugu ilifundishwa kwa alama: pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari miwili sambamba ni ndoa. Kisha tukapewa mifumo sita ya kuwaita ndugu, ukiwemo wa Iroquois, wa Omaha na wa Hawaii, tuikariri kwa ajili ya mtihani. Niliikariri yote, nikapata alama nzuri, na nilipotoka chumba cha mtihani nikawa nimeshaisahau.

Muhula ukielekea ukingoni, mhadhiri msaidizi alituambia kila mmoja achore ukoo wake mwenyewe, kisha achore kwa kalamu ya rangi nyingine njia ambayo ada ya shule ilipita mpaka ikamfikia. Wangu ulianza kwa mjomba, ukapita kwa mume wa shangazi, ukaruka mpaka kwa binamu aliyekuwa na duka Pakwach, ukarudi kwa mama. Baba, ambaye kwa kalamu ya kwanza ndiye aliyekaa katikati ya mchoro, hakuguswa na kalamu ya pili hata kidogo. Karatasi za wenzangu nazo zilikuwa hivyohivyo, kila moja kwa namna yake. Saa ile moja ilinifundisha zaidi ya mihadhara yote iliyotangulia. Kwa hiyo usiseme ni suala la kabila kutajwa, kwani mimi sikutajwa na bado nililipenda, ingawa kwa kuchelewa.

Mtaa_wa_Kisenyi

Mnazunguka mbuyu. Somo hili liliundwa ili mkoloni ajue namna ya kututawala, na mwanafunzi mwenye akili hulihisi hilo hata kabla hajaweza kulieleza. Hata hapa kwetu, taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere ilianzishwa na Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, mwaka 1950 kwa shughuli hiyohiyo. Na Malinowski, huyo baba wa somo, alifungwa na Waingereza kisiwani wakati wa Vita vya Kwanza, ndiyo maana akakaa na wenyeji; hakuwapenda, hakuwa na pa kwenda. Wanaolichukia somo hili wamelielewa.

Msomaji_Mkongwe

Ndugu yangu wa Kisenyi, hoja yako inastahili kujibiwa kwa heshima, lakini turekebishe kwanza misingi yake. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1948. Audrey Richards alikuja kuiongoza mwaka 1950, akakaa mpaka 1956. Miongoni mwa kazi zilizofanyika chini yake ni uchunguzi wa wahamiaji waliotoka Ruanda-Urundi kuja kulima na kufanya vibarua katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda: walilala wapi, walipata ardhi kwa nani, waliingizwaje katika vijiji. Serikali ya kikoloni ilitaka majibu hayo, ni kweli. Lakini mwanafunzi wa leo akitaka kuelewa kwa nini koo nyingi za mashambani Buganda zina ndugu wenye asili ya Rwanda na Burundi, ataanzia humohumo.

Kuhusu Malinowski, hakufungwa gerezani. Alikuwa Mpolandi, raia wa Austria na Hungaria, na vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa Australia, akahesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Wakuu wa Australia walimruhusu kuendelea na utafiti na hata kumsaidia kwa fedha, akaenda visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya, mara mbili kati ya 1915 na 1918. Kitabu chake kikuu kuhusu visiwa hivyo kilitoka mwaka 1922, mwaka uleule Makerere ilipoanza kama chuo cha ufundi.

Sasa nikupe silaha iliyo bora kuliko ulizokuja nazo. Mshairi wetu Okot p'Bitek wa Gulu alikwenda kusomea anthropolojia Oxford mwaka 1960. Ameandika kwamba katika mhadhara wa kwanza kabisa mwalimu aliwaita Waafrika washenzi na watu wa kale, yeye akapinga, asisikilizwe. Ukisikia mtu anauliza kozi ya utangulizi inaweza kumfanya nini mwanafunzi kutoka Uganda, jibu mojawapo ni hilo: Okot hakuacha somo, alilimaliza, kisha akaandika kitabu kizima kuwajibu waalimu wake kuhusu dini za Kiafrika. Naye Jomo Kenyatta alisoma London chini ya huyohuyo Malinowski na mwaka 1938 akachapisha utafiti juu ya Wakikuyu wenzake, wenye utangulizi wa mwalimu wake. Hao wawili walilielewa somo, tena mmoja alilikasirikia sana, na wote wawili walilitumia.

Kaabong_Kwetu

Wanale_Juu, wewe darasa lilikutazama kwa fahari kidogo. Mimi lilinitazama kwa huruma, na hilo ni jambo jingine.

Mama yangu ni wa kabila la Ik. Katika juma la maadili ya utafiti, mhadhiri alitusomea kurasa za Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na watu wa mama yangu katikati ya miaka ya 1960, wakati wa njaa kali, na kuchapisha kitabu mwaka 1972. Aliandika kwamba watu wale wamepoteza upendo kabisa, kwamba wazazi huwafukuza watoto wadogo wajitafutie, kwamba wazee hunyang'anywa chakula mdomoni. Alifika mahali pa kupendekeza kwa serikali kwamba watawanywe katika vikundi vidogovidogo, mbali na kwao, ili jamii hiyo iishe. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Mama huyo ndiye aliyekuwa ananitumia asali ya milima ya Morungole, kwenye kidumu kilichofungwa kwa nailoni, kwa kila gari lililokuwa linashuka Kampala.

Niliponyoosha mkono kusema kwamba sivyo, mhadhiri alinijibu kwa upole kwamba huenda hali imebadilika. Hakutaja, na ninaamini hakujua, kwamba mwanaisimu Mjerumani, Bernd Heine, alikwenda kwa Waik mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mwaka 1985 akaandika makala ya kumpinga Turnbull karibu kwa kila jambo. Heine alionyesha kwamba Turnbull hakuijua lugha vizuri, kwamba kijiji alichokaa kilikuwa na wasio Waik, na kwamba aliwaeleza kama wawindaji waliozuiwa kuwinda katika hifadhi ya Kidepo ilhali wao ni wakulima zaidi. Makala hayo niliyapata mwenyewe maktabani, baada ya kozi kwisha na mtihani kupita.

Kwa hiyo kwangu shida ya kozi ya utangulizi ni kwamba inafundisha shtaka na kuacha utetezi kwa wale watakaoendelea mpaka mwaka wa tatu. Wengi hawaendelei. Wanabaki na shtaka.

Wanale_Juu

Kaabong_Kwetu, pole sana, na asante. Sisi tulisomeshwa habari hiyohiyo, na hata jina la Heine hatukulisikia.

Msomaji_Mkongwe

Nami nampa dada pole. Niongeze kwamba lawama zilianza mapema zaidi: Fredrik Barth, Mnorwe, alimshambulia Turnbull kwa maandishi mwaka 1974, miaka miwili tu baada ya kitabu. Mhadhiri ambaye hajui haya miaka hii ana uvivu wa kusoma, na uvivu huo haupaswi kubebeshwa anthropolojia yote.

Kaabong_Kwetu

Mzee, kwa mwanafunzi aliyekaa mstari wa pili, mhadhiri ndiye anthropolojia yote.

Muuguzi_Soroti

Niliposoma uuguzi tulipewa kipande kifupi cha somo hili, tukiambiwa kitatusaidia kuwaelewa wagonjwa. Nilichobaki nacho ni ghala la Wazande. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyekuwa kwa Wazande wa kusini mwa Sudan miaka ya 1920, anaeleza kwamba ghala lililosimama juu ya miti huliwa na mchwa mpaka siku moja huanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini. Wazande walijua vyema kazi ya mchwa, na walijua kwamba watu hukaa kivulini mchana kwa sababu ya jua. Swali walilolijibu kwa uchawi ni kwa nini ghala lile lianguke saa ileile na watu walewale wakiwa chini yake. Nimekulia Teso, penye maghala ya namna hiyo, na picha ile iliniingia mara moja.

Kazini mama anaweza kuambiwa vizuri kabisa kwamba mtoto ana malaria, akaelewa, akatoa dawa kwa wakati, na bado akauliza kwa nini mtoto wake ndiye aliyezidiwa ilhali wa jirani analala hapohapo nje ya neti na ni mzima. Zamani wenzangu walikuwa wanalichukua swali hilo kama ujinga na kurudia somo la mbu. Mimi nilijua kwamba ameuliza swali jingine. Sikuwa na jibu lake, lakini angalau sikumfokea. Ninaona wanaolipenda somo hili ni wale waliopata mahali pa kulitumia, na wanaolichukia ni wale walioishia kwenye mtihani.

Rwenzori_Kasese

Mmesahau kitu ambacho kwetu ndicho kilichotoa watu darasani kihalisi. Kozi yetu ilianza na asili ya mwanadamu. Mhadhiri alipanga mezani mifano ya mafuvu, kutoka kwa sokwe mtu mpaka binadamu wa leo, akatwambia tupite tuguse matuta ya juu ya macho. Wenzetu kadhaa, walokole wa kweli na Waislamu wawili, waliinuka kwa adabu wakatoka. Mmoja aliniambia kwamba hawezi kuandika kwenye mtihani jambo analoamini ni uongo.

Mimi ni mtoto wa katekista na nilibaki. Mwaka 2011 watafiti walikuwa wamepata Napak, Karamoja, fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia wa miaka takribani milioni 20 iliyopita, na picha yake ilipoonyeshwa ukutani nilishangaa kwamba kitu cha thamani hiyo kimetoka kwetu na sijawahi kukisikia shuleni. Sina ugomvi na waliotoka. Ninachosema ni kwamba kwa wengi kozi iliharibika juma la pili, kabla hata ya kufika kwenye imbalu ya Wanale_Juu wala kwa Malinowski.

Mjukuu_wa_Bombo

Kwetu kazi ya muhula ilikuwa hii: eleza mila za kabila lako, kurasa tano. Wenzangu walipiga simu kwa bibi zao, wakamaliza. Mimi ni Mnubi. Mababu zetu walikuja na wanajeshi wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, watu kutoka jamii nyingi za Sudan, wakaoana na wenyeji, wakasilimu, wakazaliana katika kambi za jeshi. Nyumbani tunasema Kinubi na Kiswahili, harusi zetu zina vitu vya Kiislamu, vya Kisudani na vya hapa Buganda tunakoishi. Nilipoandika hayo, maoni yaliyorudi kwenye karatasi yalisema kwamba nimeeleza historia badala ya utamaduni.

Jedwali la Tatu la Katiba ya mwaka 1995 lilitaja jamii 56 zilizokuwapo Uganda tarehe 1 Februari 1926, nasi Wanubi tumo. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliongeza nyingine tisa. Kwa hiyo hata sheria inajua kwamba orodha hii hutengenezwa na watu, wakikaa mezani, na hurekebishwa. Aidan Southall, aliyefundisha Makerere na kufanya utafiti kwa Waalur, aliandika mwaka 1970 kwamba makabila mengi kama tunavyoyajua yalichongwa na utawala wa kikoloni. Maandishi hayo yalikuwa kwenye orodha yetu ya kusoma, katika kozi ileile iliyonipa kazi ya kurasa tano. Hapo ndipo nilipokasirika, na hapohapo ndipo nilipolipenda somo.

Dada_Arua

Mjukuu_wa_Bombo, umenigusa. Southall alieleza jinsi Waalur walivyowaingiza majirani zao, Walendu na Waokebo, chini ya machifu wao mara nyingi bila vita, kwa sababu majirani wenyewe waliomba mtoto wa chifu aje akae kwao. Bibi yangu mzaa mama ni Mwokebo, na nyumbani husimuliwa hivyohivyo. Wanale_Juu, kwa upande wako, tumeshaamini kwamba ulisimama bila kutikisika. Sasa tuambie kama kaka yako alisimamishwa mwaka uleule.

Wanale_Juu

Alisubiri, dada, na mpaka leo hilo halizungumzwi mezani.

Mtaa_wa_Kisenyi

Nimesoma yote. Msomaji_Mkongwe, marekebisho yako nimeyaona, na hoja yangu bado imesimama. Angalia mlichokisimulia ninyi wenyewe: Mgisu anakaguliwa, binti wa Kaabong anahurumiwa, Mnubi anaambiwa hana utamaduni. Katika darasa la fizikia hakuna mtoto anayegeuziwa macho hivyo. Muuguzi amefaidika, nami ninafurahi kwa ajili yake na wagonjwa wake, lakini hata yeye alijifunza kuwaelewa Wateso kwa kupitia Wazande walioandikwa na Mwingereza.

Muuguzi_Soroti

Nilijifunza kuuliza, ndugu. Wateso niliwajua tayari.

Bwana_Steji

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Sisi tulipelekwa uwandani muhula uleule wa kwanza, na ninaamini hilo ndilo linalotenganisha madarasa yaliyolipenda somo na yaliyolichukia. Mimi nilichagua steji ya bodaboda karibu na hosteli. Kwa juma la kwanza niliuliza maswali kama askari wa upelelezi, nikajibiwa kama askari wa upelelezi. Mwenyekiti wa steji alinionea huruma akaniambia nikae tu kwenye benchi, nisiulize.

Nilipokaa nikaanza kuona. Mgeni hulipa kiingilio kabla ya kuruhusiwa kupanga pikipiki. Mwenye dharura hupewa abiria wa mbele ya zamu yake, na deni hilo haliandikwi popote ila kila mtu analikumbuka. Lipo daftari moja tu, la rambirambi: jina, kiasi, na msiba wa nani. Asiyechangia msiba wa mwenzake hatukanwi, ila siku pikipiki yake ikikamatwa hakuna atakayekwenda kituoni kumsemea. Baada ya hapo nilipoisoma habari ya ubadilishanaji wa zawadi ambao wenyeji huuita “kula” (neno la lugha yao, si kula chakula), jinsi watu wa Trobriand wanavyozungusha mikufu ya kombe upande mmoja wa duara la visiwa na vikuku upande mwingine, wakivuka bahari hatari kwa vitu visivyoliwa wala kuvaliwa kila siku, sikuona maajabu yoyote. Hata hapa Kampala mtu huuza kiwanja ili apeleke vikapu kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kwa wakwe.

Mwaka_wa_Pili

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nipo chuoni. Mnasahau kwamba wengi wetu hatukulichagua somo hili. Tuliomba sheria au biashara, alama hazikutosha, mfumo ukatupangia sayansi ya jamii. Mzazi anauliza kila likizo, hiyo anthropolojia utaajiriwa nayo wapi? Mwanafunzi anayeulizwa hivyo nyumbani hawezi kukaa na kufurahia vikuku vya Trobriand.

Rwenzori_Kasese

Mwambie mzazi kwamba mashirika yanayohudumia wakimbizi Nakivale na Bidibidi yanahitaji watu wanaojua kukaa na jamii na kusikiliza. Waliosoma nami watatu wako huko. Lakini ninakubali kwamba nafasi si nyingi.

Wanale_Juu

Mdogo wangu amesoma uzi huu wote na sasa ana swali lake. Wamepewa kazi ya uwandani, na anataka kufanya kama Bwana_Steji ila kwa kikundi cha kuweka akiba cha akina mama wa mtaani kwetu Mbale. Aanzie wapi?

Kaabong_Kwetu

Aanze kwa kuwaeleza nani atakisoma atakachoandika. Akimaliza, awasomee kabla hajakabidhi chuoni.

Mtaa_wa_Kisenyi

Na wakikataa asikabidhi.

Bwana_Steji

Mimi niliwasomea wenzangu wa steji, na hapo ndipo yalipotokea ambayo sijajua mpaka leo jinsi ya kuyahukumu. Mwenyekiti aliikubali ripoti yote isipokuwa ukurasa unaoeleza kiasi ambacho steji ilikuwa inakusanya kwa ajili ya kumtuliza askari mmoja. Niliuondoa. Mhadhiri aliponiuliza kwa nini sehemu ya fedha ina pengo, nilimwambia ukweli, akanipunguzia alama kwa kuficha data, na mwenzangu aliyeandika kila kitu kuhusu wauza mitumba bila kumsomea mtu yeyote alipata alama za juu kuliko wote. Msomaji_Mkongwe, wewe uliyekaa na somo hili kwa muda mrefu, ungenipa alama gani?

Msomaji_Mkongwe

Ningekupa za juu, na ningekutaka uandike ukurasa mwingine unaoeleza kwa nini ule wa kwanza haumo. Najua wenzangu watakaonipinga, tena kwa hoja nzito, kwa sababu ripoti inayopita kwa idhini ya mwenyekiti itasema daima anachokitaka mwenyekiti, na wale vijana wa mwisho wa foleni hawakuulizwa.

Kaabong_Kwetu

Kama ni hivyo, Bwana_Steji, je, vijana hao walikuwapo siku ulipoisoma?